Posta ya Mji Mdogo Haipimwi kwa Barua

Tarehe 30 Desemba 2025 shirika la PostNord lilipeleka barua zake za mwisho nchini Denmark, likafunga kazi iliyoanza mwaka 1624. Masanduku mekundu ya kutumbukizia barua, yapatayo 1,500, yaling'olewa mitaani. Habari hiyo ilipotufikia Tanzania, wengi waliipokea kama hukumu: ikiwa nchi tajiri kiasi kile imeona barua hailipi, sisi tunang'ang'ania nini huduma ya posta katika miji midogo ya vijijini, ambako watu ni wachache, fedha ni za msimu na sanduku linaweza kukaa mwezi mzima bila kufunguliwa? Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ambao mawazo yao nayaheshimu. Naamini wameisoma habari ya Denmark kinyumenyume, na kosa hilo linaweza kutugharimu, kwa sababu litatufanya tuondoe huduma mahali ambapo bado haijafika sawasawa.

Msimamo wangu ni huu. Denmark iliacha barua baada ya kuhakikisha kwamba kila mkazi anafikika kwa njia nyingine iliyo ya uhakika. Mji mdogo wa kwetu bado haufikiki kwa uhakika kwa njia yoyote, na vipimo viwili tunavyokimbilia kila tunapojadili nani anastahili huduma, yaani idadi ya watu na kipato chao, haviwezi kutueleza hali hiyo. Kipimo kinachofaa ni umbali anaotembea na fedha anayotoa mtu wa mwisho kabisa ili apate kitu chenye jina lake. Kwa kipimo hicho, mji wenye watu wachache na kipato kidogo ndio wenye dai kubwa zaidi.

Tuanze na Denmark yenyewe. Mwaka 2000 barua zilizosambazwa huko zilikuwa takriban bilioni 1.4, mwaka 2024 zilikuwa milioni 110. Anguko hilo lilitokana na uamuzi wa serikali pamoja na tabia za watu. Tangu Novemba 2014 kila mkazi mwenye umri wa miaka 15 na kuendelea analazimika kuwa na sanduku la kidijitali la kupokelea mawasiliano ya serikali, isipokuwa aliyeomba kusamehewa. Kila mkazi pia ana anwani iliyosajiliwa, na nyumba yake inajulikana ilipo. Ndipo sheria mpya ya posta ilipokuja, ikaanza kutumika mwaka 2024, ikalifungua soko na kuondoa wajibu uliokuwa umewekwa juu ya shirika moja la kufika kila mahali. PostNord ikaacha barua, lakini vifurushi haikuviacha. Inaendelea kuvipeleka majumbani. Barua nazo hazijatoweka, maana kampuni binafsi ya DAO imezichukua. Na pale ambapo soko lisingefika lenyewe, kwenye visiwa vidogo visivyo na daraja na kwa watu wasioona wanaopokea machapisho yao maalumu, serikali ilibaki na jukumu la kununua huduma kwa zabuni. Haya ndiyo yaliyopotea njiani wakati habari inasafiri kuja kwetu. Tulisikia kwamba barua zimekwisha, hatukusikia kwamba kila mlango una anwani na kisiwa cha mwisho kina mkataba.

Marekani inatufundisha jambo lingine, na huko ndiko mjadala wa mji mdogo umekomaa zaidi. Idara ya sensa ya nchi ile huchapisha idadi ya watu na kipato cha kati cha kaya hata kwa kijiji chenye watu mia mbili, kwa hiyo mtu anayetaka kutafuta posta ya kufunga ana takwimu zote mezani. Mwaka 2011 shirika la posta la Marekani lilitoa orodha ya ofisi karibu 3,700 zilizofikiriwa kufungwa, nyingi zikiwa za vijijini. Wakazi walipinga, wabunge wao wakapinga, na mwaka 2012 mpango ukabadilishwa: badala ya kufunga, ofisi zipatazo 13,000 zilipunguziwa saa za kazi, baadhi zikabaki kufunguliwa saa mbili tu kwa siku. Nyuma ya upinzani huo kulikuwa na sheria. Sheria ya posta ya Marekani inasema wazi kwamba ofisi ndogo haitafungwa kwa sababu tu inaendeshwa kwa hasara. Bunge lao liliona tangu mapema kwamba hasara ya ofisi moja ya kijijini haitoshi kuwa sababu, kwa kuwa mtandao wote una thamani pale tu unapofika kila mahali. Benki ya mjini inayomtumia mteja wake kadi, mahakama inayopeleka wito, duka linalouza mbegu, wote wananufaika na ofisi ile, ingawa mapato yake hayaonekani kwenye daftari la ofisi ile.

Lakini historia ya Marekani ina upande ambao watetezi wa posta huuruka, nami naona ni muhimu kuliko ule wa kwanza. Nchi hiyo ilifikisha kilele cha ofisi za posta mwaka 1901, ikiwa na ofisi 76,945, na tangu hapo idadi ikaanza kushuka. Sababu haikuwa kuvidharau vijiji. Mwezi Oktoba 1896 lilianza jaribio la kupeleka barua bure hadi kwenye malango ya wakulima wa West Virginia, na mwaka 1902 likafanywa huduma ya kudumu. Mkulima aliyekuwa akisafiri hadi mjini kuuliza kama ana barua sasa aliletewa nyumbani, na mwaka 1913 vifurushi vikaanza kupelekwa kwa mfumo huohuo. Vijiofisi vingi vikafungwa kwa kuwa huduma ilikuwa imesogea karibu zaidi kuliko jengo. Kwa hiyo kufunga ofisi ni jambo moja na kuondoa huduma ni jambo jingine kabisa. Mtu akinionyesha mpango wa kufunga ofisi ya posta ya mji mdogo, nitamuuliza ni nani atakayefika langoni siku inayofuata. Akiwa na jibu, sitapigania kuta.

Sasa turudi nyumbani. Watu wengi hudhani posta ya vijijini Tanzania iliuawa na WhatsApp. Matatizo yake ya hesabu yalianza kabla mtandao haujatufikia. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, posta na simu vilikuwa shirika moja, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 tukabaki na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Katika mfumo ule simu ilikuwa inambeba mwenzake: mapato ya simu za mijini yalisaidia kulipa mshahara wa karani wa posta aliyekuwa mbali. Mageuzi ya miaka ya 1990 yakavigawa. Benki ya akiba ilitangulia kutoka, ikawa Benki ya Posta. Kisha kwa sheria ya mwaka 1993 simu ikaenda kampuni ya simu ya TTCL, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kusimama peke yake tarehe 1 Januari 1994. Kenya ilipitia njia hiyohiyo mwaka 1999. Kila kipande kiliambiwa kijiendeshe kibiashara, na posta ikabaki na wajibu wa kufika kila mahali bila chanzo kilichokuwa kikilipia wajibu huo. Miaka kadhaa baadaye likaja pigo la pili. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na hawala ya fedha ya posta, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta wazazi wa kijijini dirishani kupokea fedha za watoto wao walio mjini, ikakosa wateja.

Angalia idadi ya watu katika kipindi hichohicho. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Sensa ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi, na karibu theluthi mbili ya watu wote bado wanaishi vijijini. Kama idadi ya watu ingekuwa ndiyo inayoamua uhai wa posta, huo ungekuwa mwongo wa neema kwa ofisi za miji midogo. Mambo yalikwenda kinyume: watu waliongezeka na posta ikapungua. Anayesema ofisi ya mji mdogo inakosa kazi kwa sababu watu ni wachache anatafuta sababu mahali isipokuwepo.

Isitoshe, hesabu yenyewe ya watu wa mji mdogo ina kasoro inapotumika kwa jambo hili. Sensa yetu huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ni njia sahihi kwa madhumuni yake, lakini wateja wa huduma za mji mdogo wengi hawalali mjini. Nenda Kibaigwa, wilayani Kongwa, msimu wa mahindi. Soko lake la nafaka hukusanya wakulima, madalali, wapakiaji na madereva kutoka wilaya kadhaa, na jioni wengi wanaondoka. Au nenda mji wowote mdogo siku ya gulio: kina mama wenye kuku na mayai, wauza mitumba, wanunuzi wa ng'ombe, wagonjwa waliounganisha safari ya zahanati na ya sokoni, wazee waliokuja kufuatilia karatasi kwenye ofisi ya kata. Idadi iliyoandikwa kwenye kitabu cha sensa ni ya waliolala; inayohusu posta ni ya wanaopita.

Hali ni hiyohiyo kwa masanduku. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba watu wa vijijini hawatumii posta, huhesabu masanduku yaliyokodishwa na kuonyesha kwamba ni machache mno kwa idadi ya watu. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na yeyote aliyekulia kijijini anaujua udhaifu wake. Kaya nyingi za kijijini hazikuwahi kuwa na sanduku lao. Zilikuwa na la shule ya msingi, la parokia, la chama cha ushirika au la mwajiri wa ndugu. Bahasha iliandikwa jina la baba, chini yake jina la mwanafunzi na darasa lake, kisha jina la shule na S.L.P. yake. Mwalimu aliyekwenda mjini kufuata mshahara alirudi na mfuko, barua zikasomwa majina mstarini asubuhi, na mtoto akaibeba ya kwao ndani ya daftari hadi nyumbani. Sanduku moja lilikuwa mlango wa mamia ya watu. Kuhesabu sanduku hilo kama mteja mmoja ni kufuta kijiji kizima, na bado takwimu hizo zinatolewa kwenye mijadala kana kwamba zinaeleza mahitaji.

Kipato ni kigumu zaidi, na hapa nataka kuwatendea haki wanaonipinga. Ni kweli vijijini kuna fedha kidogo. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 31.3 ya watu wa vijijini walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, dhidi ya asilimia 15.8 mijini. Mstari wenyewe uliwekwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mfanyabiashara yeyote akitazama takwimu hizo atapeleka huduma yake mahali pengine, na hatuwezi kumlaumu. Tatizo ni pale serikali nayo inapotazama kwa jicho hilohilo. Chukua mkazi wa kijijini ambaye hati yake iko makao makuu ya wilaya, na tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 8,000. Kwa bei za utafiti ule, safari moja inakula karibu moja ya sita ya fedha inayotakiwa kumlisha na kumvika mtu mzima mwezi mzima. Akifika akaambiwa aje wiki ijayo, anaanza upya. Mwenye kipato kikubwa mjini hutuma bodaboda na kuendelea na shughuli zake. Kukosekana kwa huduma ya kufikisha vitu ni gharama, na gharama hiyo humwangukia kwa uzito zaidi asiye na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wastani wa kipato huficha. Fedha ya mji mdogo haiji sawasawa mwaka mzima. Huja na mavuno, ikae miezi michache, kisha iishe kabla ya mvua kuanza. Katika miezi hiyo watu huagiza mabati, betri za sola, mashine za kupulizia dawa, sare za shule na vipuri. Utafiti wa bajeti ya kaya hautupi kipato cha kila mji mdogo, achilia mbali kipato cha Agosti dhidi ya cha Februari. Mpangaji anayetumia wastani wa mwaka anaona mji maskini usio na mahitaji. Mwenye duka anaona miezi minne ya biashara kubwa na minane ya kusubiri. Huduma inayopangwa kwa msimu ingeweza kujilipa kwa sehemu kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili ni ya mabasi. Wanasema: soko limekwisha kujibu, vifurushi vinakwenda kwa basi kila siku na hakuna anayelalamika. Niliwahi kusimama stendi nikitazama beringi ya mashine ya kukamua alizeti ikisafirishwa, na naielewa hoja hii. Kifaa kiliviringishwa katika gazeti, kikatiwa kwenye boksi la sabuni, likazungushiwa soletepu. Juu yake mtumaji akaandika kwa maka peni jina la mpokeaji, namba mbili za simu na jina la mji ambako basi lingepita. Karani akaupima mzigo kwa macho, akataja bei, akakata risiti. Kesho yake mashine ilikuwa inazunguka. Hakuna posta duniani inayopaswa kudharau kasi hiyo.

Lakini tazama nini kinakosekana. Hakuna anwani kwenye boksi lile, kuna simu. Simu ikizimika, mzigo unapitiliza hadi mwisho wa safari. Basi likipita saa nane usiku, mpokeaji anakesha barabarani, maana dereva hasubiri. Kikipotea, risiti ina mstari mdogo unaosema mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Zaidi ya yote, basi linaishia lami inapoishia. Anayeishi kilomita 20 kutoka barabara kuu atalipa bodaboda fedha nyingi kuliko aliyolipa mtumaji kutoka Dar es Salaam. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, imekuwa ikiwataka wenye mabasi wanaobeba vifurushi wawe na leseni, nayo ni hatua njema, ila leseni haiwezi kumlazimisha mwenye basi kwenda kijiji kisicho na abiria. Soko limetatua kipande cha barabara kuu vizuri sana. Kipande cha mwisho, ambacho ndicho ghali, limemwachia mpokeaji.

Kuhusu dai kwamba simu imemaliza kila kitu, sitakaa nalo sana. Simu inapeleka maneno na fedha, na katika hayo mawili imeishinda posta moja kwa moja. Haipeleki hati ya ardhi, cheti cha kuzaliwa, dawa, kadi ya benki, mbegu wala beringi. Mwaka 2025 NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ililazimika kutangaza kwamba itasitisha matumizi ya namba za watu ambao vitambulisho vyao vilikuwa vimekwisha kutengenezwa lakini hawakujitokeza kuvichukua, licha ya kutumiwa ujumbe kwenye simu zao. Baadhi yao bila shaka waliona namba inawatosha. Wengine walikuwa mbali na ofisi ilikopelekwa kadi, au walikwenda mara moja wakaikosa. Ujumbe ulifika, kadi haikufika. Nchi iliyogharamia kumsajili mtu, kumpiga picha, kuchukua alama za vidole vyake na kuchapisha kadi yake, ikashindwa kuimalizia hatua ya mwisho, haiwezi kusema haina kazi ya kuipa posta.

Niseme pia kwamba upande ninaousimamia una hoja zake mbovu. Kuitetea posta kwa sababu ya kumbukumbu za stempu na barua za uchumba, au kwa sababu jengo lake ni la zamani, kunawapa wapinzani ushindi wa bure. Wanaouliza kama fedha hiyo isingefaa zaidi kwenye zahanati wanauliza swali halali, tena gumu. Jibu langu ni kwamba kulipia jengo, mlinzi na karani wa kutwa kwa ajili ya bahasha chache si matumizi mazuri, na zahanati ingepaswa kushinda hapo. Kulipia ufikishaji ni jambo tofauti, kwa sababu zahanati yenyewe inauhitaji: sampuli zinapaswa kwenda maabara, majibu yarudi, dawa zilizopungua zifike.

Tayari tumekwisha kulipia sehemu kubwa ya kazi. Sera ya Taifa ya Posta ya mwaka 2003 ilizungumzia mfumo wa anwani na postikodi; tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua operesheni ya anwani za makazi, na miezi sita baadaye sensa ikafanyika. Barabara zikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba, kila kata ikawa na postikodi yake ya tarakimu tano. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa haraka, na matunda yake yanaonekana kwenye vibao hata katika vijiji vya mbali. Ila anwani hutimiza kazi yake siku kitu kinapofika hapo bila mwenyewe kupigiwa simu kuelekezwa. Mpaka leo, katika miji midogo mingi, namba iliyo mlangoni inajulikana na aliyeibandika na mwenye nyumba, basi. Tukiiacha huduma ya posta ipotee huko wakati huuhuu, tutakuwa tumejenga reli na kuuza treni.

Njia ya kulipia tunayo pia, na tumekwisha kuitumia kwenye simu. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Kata hizo zilichaguliwa kwa kuwa soko lilikuwa limezikwepa: watu wametawanyika, kipato kidogo, mnara haulipi. Hatukuziambia kata hizo zisubiri mpaka zitajirike. Serikali iliweka ruzuku, kampuni zikashindana, na anayejenga analazimika kuonyesha kwamba mawimbi yamefika. Kwa nini mantiki hiyo iishie kwenye mawimbi? Wajibu wa kufikisha kifurushi na hati hadi kila kata unaweza kutangazwa kwa zabuni hivyohivyo, na Shirika la Posta, kampuni za vifurushi na hata wenye mabasi wakashindana. Hasara ya vijijini ingetoka kwenye vitabu vya shirika, ambako kila mwaka inatumika kulisema kwamba limeshindwa, ikaenda kwenye bajeti ya taifa inakostahili, ikajadiliwa na Bunge kwa jina lake.

Kata ndiyo ngazi ninayoiona inafaa, kwa kuwa postikodi inaishia hapo na kata ina ofisi ya mtendaji na, kwa kawaida, wakala wa huduma za fedha kwa simu. Wakala huyo tayari anaaminiwa na fedha za watu, ana kibanda, ana kitabu cha kusaini na yuko wazi hadi usiku. Apewe mkataba, dhamana na kabati lenye kufuli. Basi lilete mfuko hadi barabarani kwa mkataba wenye saa na fidia, kama mabasi na treni yalivyobeba mifuko ya posta tangu zamani, na mwenye bodaboda aliyesajiliwa aupeleke hadi kata za ndani mara mbili kwa wiki, moja ya siku hizo ikiwa ya gulio. Vituo vya Huduma Pamoja, vinavyokusanya huduma za taasisi mbalimbali mahali pamoja, ambavyo serikali imevianzisha ndani ya ofisi za posta vimetangulia katika miji mikubwa, ambako mtu anaweza kutembea kutoka taasisi moja hadi nyingine kwa miguu. Kenya nayo iliweka kituo chake cha kwanza cha Huduma, mwaka 2013, katika posta kuu ya Nairobi. Mji mdogo, ambako kila taasisi iko umbali wa nauli, ulistahili kuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Yapo mambo ambayo zabuni ya namna hii itayaharibu ikiandikwa vibaya, na uzoefu wa ruzuku nyingine unatuonya. Mtoa huduma akilipwa kwa idadi ya vituo alivyofungua, tutapata vituo vyenye vibao na milango iliyofungwa. Akilipwa kwa vifurushi alivyopokea, atavipokea kwa wingi na kuvirundika wilayani. Alipwe kwa kitu kilichokabidhiwa kwa mwenyewe, ndani ya kata yake, kwa sahihi au kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, na malipo ya kata iliyo mbali na lami yawe makubwa kuliko ya kata iliyo kando ya barabara kuu. Asiye na simu atambulike kwa kitambulisho au kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana wengi wa hao ni wazee, na ndio wanaongojea vitu vinavyotoka serikalini kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi ya kwanza ya kuujaribu mfumo huu iwe vitambulisho vya taifa ambavyo havijachukuliwa: vimekwisha kuchapishwa, wenyewe wanajulikana kwa majina, na kata zao zina postikodi.